Askari Yule Yule, Kipimo Kile Kile, Majibu Mawili

Kilo 123, mita 15, sekunde 60. Hivyo ndivyo Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilivyoiandika kwa tarakimu kazi ya kumtoa mwenzako aliyepigwa risasi mahali pa wazi na kumfikisha penye kificho. Kilo hizo ni mwili wa majeruhi, kofia yake ya chuma, fulana ya kukinga risasi na zana zote alizokuwa nazo alipoanguka. Mwenyewe hawezi kujisaidia kwa lolote.

Tarakimu za namna hii zilianza kutafutwa kwa bidii baada ya uamuzi wa kisiasa. Januari 2013 Waziri wa Ulinzi Leon Panetta alifuta katazo lililowaweka wanawake nje ya vikosi vya mapambano ya ardhini, na Desemba 2015 Ash Carter, aliyekuwa akiishika wizara hiyo wakati huo, akatangaza kwamba kazi zote ziko wazi bila kubakiza hata moja. Katikati ya matangazo hayo mawili jeshi lilikuwa na deni. Kama jinsia haitumiki tena kuamua nani anafaa, basi ni lazima kazi yenyewe iamue, na kazi haiwezi kuamua mpaka ipimwe. Watafiti wa taasisi ya jeshi hilo ya tiba ya mazingira, iliyoko Natick, Massachusetts, walikabidhiwa orodha ya majukumu mazito 32 kutoka kazi saba: askari wa miguu, wahandisi wa vita, wapiga mizinga, watu wa vifaru na wengine wa jamii hiyo. Wakayafupisha hadi kufikia maigizo manane yanayoweza kufanyika kiwanjani: kubeba mifuko ya mchanga, kuburuta majeruhi, kumtoa majeruhi kupitia tundu la juu la gari la deraya, kusonga mbele chini ya risasi, kupanga risasi ndani ya kifaru, kuujaza mzinga wa kifaru, kuhamisha makombora kwa gari la kubebea risasi za mizinga, na ruti machi ya maili nne, yaani kilomita 6.4.

Kabla ya kuuliza kama maigizo hayo yanafanana na vita, kuna swali linalotangulia, na ndilo ambalo majeshi mengi huliruka. Askari yule yule, ambaye mwili wake haujabadilika, akipimwa Jumatatu kisha akarudi Alhamisi, atapata jibu lile lile? Huo ndio uthabiti wa kipimo. Unatofautiana na uhalali, ambao ni kupima kile kinachotakiwa kupimwa. Urefu wa mtu hupimwa kwa uthabiti mkubwa sana, lakini haukuambii kama ataweza kuinua kombora la mzinga wa milimita 155, ambalo uzito wake ni zaidi ya kilo 40. Kipimo kinaweza kuwa thabiti bila kuwa halali. Kinyume chake hakiwezekani: kipimo kinachoyumba hakina namna ya kuwa halali, kwa sababu hakijui hata chenyewe kinasema nini.

Watu wa Natick hawakuliruka swali hilo, na kwa hilo wanastahili heshima. Makundi matatu ya askari, kila moja likiwa na watu wapatao 50, yalirudia baadhi ya majukumu hayo manane mara nne ndani ya wiki mbili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Namba wanayoitumia wataalamu kueleza uthabiti huanzia 0, pale matokeo ya leo yasipokuambia chochote kuhusu ya kesho, hadi 1, pale yanapolingana kabisa. Majukumu manane yalipata kati ya 0.76 na 0.96. Kosa la kawaida la kipimo, yaani ule mchezo wa juu na chini ambao alama ya mtu hucheza hata asipobadilika, lilikuwa kati ya asilimia 3 na 16 ya wastani. Watafiti wakahitimisha kwamba uthabiti ni mkubwa.

Nakubaliana nao, ila ndani ya matokeo hayo yamo mambo mawili ambayo anayepanga mitihani ya jeshi lolote angepaswa kukaa nayo muda mrefu.

La kwanza ni kujifunza. Katika majukumu sita kati ya manane, askari walifanya vizuri zaidi kadiri walivyorudia. Kuburuta majeruhi na ruti machi ndiyo mawili tu yaliyobaki pale pale. Wiki mbili hazitoshi kuotesha misuli mipya. Kilichoongezeka ni ujanja wa kazi: jinsi ya kuikumbata risasi ya mzinga, mguu upi utangulie ndani ya kifaru palipobana, namna ya kugeuka bila kugonga kiwiko. Kuburuta na kutembea na mzigo kuna ujanja mdogo wa kuvumbua. Nguvu na pumzi ndizo zinazosema. Maana yake ni kwamba mtihani wa kuujaza mzinga, ukifanywa mara moja tu na mtu asiyewahi kuugusa, unapima kwa sehemu fulani uwezo wake, na kwa sehemu nyingine unapima muda ambao mlango wa kifaru umekuwa wazi kwake. Kwa mwanamke aliyeruhusiwa kuingia juzi, au kuruta aliyetoka kijijini moja kwa moja, hilo si jambo dogo. Watafiti wenyewe waliweka sharti: vipimo hivi vinafaa iwapo watu watapewa nafasi ya kutosha ya kuvizoea. Sharti hilo ndilo rahisi zaidi kusahaulika, kwa sababu siku ya mazoezi inakula muda na mafuta ya magari, wala haionekani kwenye ripoti ya mwisho.

La pili ni ile asilimia 16. Katika kazi inayochukua sekunde 60 kwa wastani, kosa la asilimia 3 halifiki hata sekunde 2. Kosa la asilimia 16 ni karibu sekunde 10. Yote mawili yanaitwa uthabiti mkubwa, lakini kwa mtu aliyesimama karibu na mstari wa kufaulu, yana tofauti ya kazi na kukosa kazi.

Hapa hesabu inasaidia kuliko maneno. Tuseme kuna mbio za mtihani ambamo askari wa kikosi hutawanyika kwa sekunde 60 kuzunguka wastani wao, na uthabiti wake ni 0.90, namba ambayo wengi wangeifurahia. Ukikokotoa, kosa la kawaida la kipimo linakuwa takriban sekunde 19. Sasa mchukue askari ambaye uwezo wake halisi uko sekunde 10 ndani ya kikomo. Huyu kazi anaiweza. Hata hivyo, siku ya mtihani ana uwezekano wa karibu asilimia 30 wa kufeli. Mwenzake ambaye yuko sekunde 10 nje ya kikomo, asiyeiweza kwa kipimo hicho, ana uwezekano ule ule wa kufaulu. Wakipimwa siku moja, si ajabu wa kwanza akarudishwa nyumbani na wa pili akapewa bunduki. Hakuna aliyezembea, na hakuna afande aliyependelea. Kipimo ndivyo kilivyo.

Wengi hudhani dawa ni kumpa kila mtu nafasi ya pili na kuchukua alama bora. Ni nusu ya dawa. Yule anayeweza, uwezekano wake wa kufeli mara zote mbili unashuka hadi asilimia 9 hivi. Lakini yule asiyeweza, uwezekano wake wa kupenya angalau mara moja unapanda hadi zaidi ya nusu. Ukichukua wastani wa mara mbili badala ya alama bora, makosa yote mawili yanashuka pamoja, hadi kama asilimia 23. Kwa hiyo uamuzi wa nani arudie na alama zijumlishwe vipi unamhusu majeruhi aliyelala chini sawasawa na unavyomhusu kijana anayetafuta kazi. Jeshi linapaswa kusema wazi ni kosa lipi linaliogopa zaidi katika kazi ipi. Kwenye kazi ambayo askari mmoja akishindwa mwingine anakufa, ni haki kuliogopa zaidi kosa la kumpitisha asiyeweza, lakini liseme, na likubali gharama ya wale wenye uwezo litakaowapoteza.

Hesabu inakuwa kali zaidi vituo vikiwa vingi. Januari 2017 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilianza kuwapitisha wanaojiunga nalo kwenye mtihani wa vituo vinne kabla ya kuwapangia kazi: kuruka mbali bila kukimbia, kutupa mpira wa kilo 2 ukiwa umeketi, kuinua chuma kutoka chini, na mbio za kwenda na kurudi kwa kufuata mlio unaozidi kuharakisha. Kwa kazi za daraja la juu mtu alitakiwa kuruka sentimita 160, kutupa sentimita 450, kuinua pauni 160, yaani kilo 73 hivi, na kukamilisha mizunguko 43. Alilazimika kupita vyote. Sasa tuseme mtu mwenye uwezo wa kutosha ana asilimia 95 ya kupita kila kituo. Makosa ya vituo yakiwa hayahusiani, nafasi yake ya kupita vyote vinne ni asilimia 81 tu. Kiuhalisia makosa huhusiana kidogo, kwa kuwa siku mbaya huharibu vyote kwa pamoja, hivyo hasara ni pungufu ya hapo. Lakini kila kituo kinachoongezwa kwa hoja ya kuimarisha mtihani kinaongeza pia mlango wa bahati mbaya, na sijaona makamanda wengi wakilieleza hilo wanapotangaza mitihani mipya.

Ile namba ya uthabiti nayo ina mtego wake. Inategemea watu uliowapima. Kosa lile lile la sekunde 19, likipimwa kwa kikosi cha makomando waliokwisha kuchujwa, ambao wametawanyika kwa sekunde 30 tu, linatoa uthabiti wa 0.60. Kipimo hakikuharibika njiani. Watu ndio wanaofanana. Mwaka 1968 Kenneth Cooper alionyesha kwamba umbali ambao mtu hukimbia kwa dakika 12 unaendana sana na uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni, kwa kiwango cha 0.897, katika wanaume 115 wa Jeshi la Anga la Marekani. Namba hiyo inahusu uhalali zaidi kuliko uthabiti, lakini mtego ni ule ule: ni namba ya watu wale. Mkufunzi anayeichukua na kuipachika kwa wanamichezo ishirini wanaokimbia karibu sawa anajipa uhakika ambao Cooper hakumpa. Ndiyo maana napendelea kuulizia kosa la kipimo kwa sekunde, kilo au mita. Hilo angalau unaweza kulipeleka uwanjani na kulilinganisha na kikomo.

Makosa haya hutoka wapi? Mengine yamo mwilini: usingizi, maji, hedhi, malaria iliyoisha wiki iliyopita, hofu. Mengine yako nje, na haya ndiyo yanayokera, kwa sababu yanaweza kuondolewa. Sanamu ya majeruhi ya kilo 123 ikiburutwa kwenye nyasi zenye umande haihitaji nguvu ile ile inayohitajika kwenye sakafu ya zege. Msuguano wa ardhi unapobadilika, uzito wa majeruhi ni kama umebadilika, ingawa karatasi inaonyesha kilo zile zile. Kisha kuna jicho la anayehesabu. Kwa miongo mingi, tangu 1980, mtihani wa kawaida wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani ulikuwa pushapu, situpu na mbio za maili mbili. Kila askari anajua kwamba pushapu ya sajenti mmoja si pushapu ya mwingine: mmoja anataka kifua kishuke kabisa, mwingine anaridhika na nusu. Mtihani uliofuata ulimtaka askari alale chini na kuinua viganja kutoka ardhini kila mara kabla ya kusukuma tena. Kwa upande wa uthabiti hayo ni maendeleo ya kweli, maana kiganja ama kimeinuka ama hakikuinuka.

Hali ya hewa na mwinuko wa nchi tunavifahamu huku kwetu kuliko wengi. Ruvu, mkoani Pwani, na Mafinga, huko Iringa, nchini Tanzania, zote zina kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Moja iko kwenye joto la tambarare za pwani, nyingine kwenye baridi ya nyanda za juu ambako hewa ni nyepesi. Muda wa mbio ndefu uliopatikana kambi moja hauwezi kuwekwa kwenye jedwali moja na wa kambi nyingine bila marekebisho. Kenya tofauti hiyo ni kubwa zaidi: Mombasa iko usawa wa bahari, Eldoret iko kama mita 2,100 juu yake. Usajili wa makuruta wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) hufanyika kaunti kwa kaunti, na mbio ni sehemu ya mchujo. Palipo na ushindani wa mahali pamoja, mwinuko haumdhulumu mtu, kwa kuwa wote wanavuta hewa ile ile. Hata hivyo mpangilio wa siku moja una udhaifu wake. Kijana aliyesafiri usiku kucha na kukimbia asubuhi bila kuweka kitu tumboni anapimwa pamoja na safari yake. Aliyelala kwao, karibu na uwanja, anapimwa peke yake. Watu hawa wawili hawajapewa kipimo kimoja, hata kama wameanza kwa filimbi moja.

Isifikiriwe kwamba uthabiti ukipatikana mambo yamekwisha. Kesi inayolionyesha hili vizuri kuliko zote ninazozijua ilitoka kwa wazima moto wa misituni, na majeshi yamejifunza mengi kutoka kwayo. Huko British Columbia, Kanada, Tawney Meiorin alikuwa amefanya kazi hiyo kwa miaka mitatu bila malalamiko. Serikali ya jimbo ikaleta vipimo vipya, kimojawapo kikiwa kukimbia kilomita 2.5 ndani ya dakika 11. Alijaribu mara nne. Muda wake bora ulikuwa dakika 11 na sekunde 49.4, akafukuzwa. Septemba 1999 Mahakama ya Juu ya Kanada ilimpa ushindi, kwa sababu mwajiri hakuweza kuonyesha kwamba kiwango hicho kilikuwa cha lazima ili kazi ifanyike kwa usalama. Mara nne kipimo kilimpa jibu lile lile: kilikuwa thabiti. Kilichokosekana ni kamba ya kukifunga kwenye kazi, na miaka mitatu ya kazi yake ilikuwa ushahidi kwamba kamba hiyo haikuwepo.

Jeshi la Kanada nalo liko chini ya sheria za haki za binadamu, na mtihani wake wa sasa unaonyesha kwamba somo liliingia. Una sehemu nne zilizotokana na kazi halisi: kukimbia na kujitupa chini kila baada ya hatua kadhaa, kuinua mfuko wa mchanga wa kilo 20 mara 30 hadi kimo cha kama mita moja, kwenda na kurudi kwa mizunguko yenye mzigo na isiyo na mzigo, na kuburuta mifuko ya mchanga mita 20. Kiwango ni kimoja, mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Mifuko ya mchanga inaweza kupimwa kwenye mizani popote, na sakafu ya jumba la michezo haina umande. Ni kipimo kilichokaa katikati: hakiko ndani ya vita, wala hakiko mbali sana navyo.

Hapo katikati ndipo penye ugumu wa jambo hili lote. Kadiri kipimo kinavyoisogelea kazi, ndivyo kinavyozidi kuwa vigumu kukiweka sawa kila siku. Kikosi cha miguu cha Uingereza hupimwa kwa kutembea kilomita 4 na mzigo wa kilo 40 kwa dakika 50, kisha kilomita 2 na kilo 25 kwa dakika 15. Askari yeyote ataona kwamba hiyo ni kazi yake. Lakini matope, vilima, upepo na viatu vinaingia ndani ya alama. Chuma cha kuinua kwenye chumba cha mazoezi hakina matope, ila hakina vita pia. Hakuna jeshi lililoukwepa mvutano huu, na kamanda anayeahidi kipimo kinachofanana kabisa na vita na kisichoyumba kabisa anaahidi kitu ambacho hakipo.

Marekani yenyewe imeonyesha bei ya kuharakisha. Ule mtihani mpya wa jeshi lake la nchi kavu, wenye vituo sita, ulioanza kutumika Oktoba 2020, ulikuwa na kituo cha kuning'inia kwenye bomba na kuvuta magoti hadi viwikoni. Wanawake wengi walipata sifuri. Sifuri ni alama ya kudanganya: mtu akipata sifuri leo na kesho, utasema kipimo ni thabiti, kumbe hakijakuambia kama alibakiza kidogo au alibakiza sana. Bunge likasimamisha utekelezaji na kutaka uchunguzi huru, ambao shirika la utafiti la RAND liliufanya. Mwaka 2022 kituo hicho kiliondolewa, kikawekwa cha kujinyoosha juu ya viwiko kwa muda, na alama zikagawanywa kwa umri na jinsia. Juni 2025 ukaja mtihani mwingine wa vituo vitano, na kazi za mapambano zikarudishiwa kiwango kimoja kwa jinsia zote, angalau alama 350 kati ya 500. Hoja za kila badiliko zinaweza kutetewa. Lakini mtafiti anayetaka kujua kama waliofaulu mwaka 2021 walifanya kazi vizuri zaidi miaka mitano baadaye, au waliumia kidogo zaidi, ameachiwa rula tatu tofauti. Uthabiti unahitaji pia taasisi isiyobadilisha kipimo kila siasa inapobadilika.

Ninachokitaka ni cha kawaida na si ghali ukilinganisha na gharama ya kumfunza askari mmoja. Kila kikomo kitangazwe pamoja na kosa la kipimo chake. Kila mpimwa apewe siku ya kuzoea kabla ya siku ya alama. Ardhi ya kuburutia iwe ile ile, sanamu ipimwe kwenye mizani asubuhi ya mtihani, na wahesabuji wafunzwe pamoja mpaka hesabu zao zilingane. Na karibu na mstari wa kufaulu, kwa upana wa kosa hilo huku na huku, pasiwe na neno amefaulu wala amefeli. Wote walioangukia hapo, waliopita kidogo na waliokosa kidogo, waitwe tena baada ya siku kadhaa za kupumzika, wapimwe na mtu mwingine ambaye hakuonyeshwa alama zao za kwanza, na zichukuliwe zote mbili.